Aliyenitangulia Nyumbani: Kutoka Maskati Hadi Ufipa

Sababu ya kuondoka Maskati ilikuwa simu ya kaka yangu Deo. Alisema mama hali tena chakula cha kushiba, macho yake yamezibwa kabisa na mtoto wa jicho, na kila kukicha anauliza jambo moja tu: Skola anakuja lini? Skola ni mimi. Nilikuwa nimekaa Oman miaka sita nikimtunza bibi mmoja mzee katika nyumba ya watoto wake, na katika miaka hiyo nilikuwa nimerudi nyumbani mara moja. Niseme mapema nilichokuwa nakitafuta katika safari hii. Nilitaka mama anishike mkono na kuniita kwa jina langu angali hai. Zawadi na picha na maneno ya ndugu vingeweza kusubiri.

Deo anafanya biashara ya mahindi mjini Sumbawanga na kulala kijijini kwa mama, chini ya milima ya Mbizi. Ni mtu mwema, ila anaamini kila kinachotoka kwenye simu yake. Siku nilipomwambia nimepata ruhusa kazini, alifungua ukurasa mmoja unaopima umbali kati ya viwanja vya ndege, akaandika Maskati, akaandika Sumbawanga. Simu ikamchorea mstari ulionyooka kama uzi, ikamwambia ni kilomita elfu nne na mia tano na kitu, mwendo wa saa sita kasoro. Akakimbia nayo kwa mama. "Skola akipanda ndege asubuhi," akamwambia, "mchana yuko hapa."

Nilipopata habari hiyo nilimfokea. Hakuna ndege inayofuata mstari ule. Kiwanja cha Sumbawanga kilikuwa bado mikononi mwa mafundi. Njia yangu mimi ilikuwa Maskati hadi Dar es Salaam, kulala hapo, kesho yake ndege ya Songwe, kisha mabasi kupitia Tunduma na Laela, halafu pikipiki. Siku mbili nzima. Nikamwambia akamrekebishe mama.

"Nimeshamwambia, Skola," akasema. "Nitamgeuziaje maneno mtu mgonjwa?"

Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa letu kabisa sisi Wafipa. Kumkatalia mtu usoni kunatuuma kuliko njaa. Tutapiga magoti, tutapiga makofi ya heshima, tutasema ndiyo, hata kwa jambo ambalo halipo.

Asubuhi ya kuondoka Maskati joto lilikuwa limeshapanda kabla jua halijachomoza sawasawa. Nilikaa kiti cha dirishani. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Unguja, mfanyabiashara wa vitambaa, mcheshi, mwenye marashi mengi. Nilivua viatu kwa sababu miguu yangu huvimba nikikaa sana, nikaviweka mapajani ili visipotelee chini ya viti. Mimi si mtu wa kulala kwenye ndege. Huwa nakaa macho na kuisaidia kwa sala isianguke. Siku hiyo nilisikia mkanda unabana tumbo, basi. Kilichofuata ni magurudumu kugonga ardhi ya Dar.

Sikuota chochote. Nalisema hilo kwa sababu nimeulizwa mara nyingi.

"Mwanangu, wewe unalala kama maiti," mama wa Unguja akaniambia tulipokuwa tunasubiri mlango ufunguliwe. "Nimekutikisa mara mbili wakati wa chakula. Mara ya pili ukaniambia umeshiba."

"Nilisema hivyo?"

"Kwa sauti safi kabisa. Mara ya kwanza ulisema kwa kilugha chenu, sikuelewa kitu. Ulikuwa unacheka, ukipiga makofi taratibu hivi." Akanionyesha: viganja vilivyokunjwa kidogo, makofi ya chini chini. Ndivyo tunavyomsalimia mkubwa kwetu. Hakuna mtu aliyewahi kuniona nikifanya hivyo Maskati, wala sidhani mama yule amewahi kufika Rukwa. Nikacheka naye, nikainama kuvaa viatu.

Jioni, Dar es Salaam, nilichukua chumba karibu na uwanja wa ndege. Mhudumu wa nyumba ya wageni aliniletea wali na samaki, nikavitazama tu. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimeshiba, ile shibe nzito na tulivu ya ugali wa ulezi, ambayo mtu haipati kwa mkate wala wali. Tangu usiku wa jana yake nilikuwa nimekunywa chai tu. Nikampigia Deo kumwambia nimefika Dar salama.

"Uko wapi?" akauliza.

"Dar. Nimekwambia, Dar."

"Dar," akarudia polepole. "Sawa. Safiri salama, dada." Akakata. Kaka yangu hujaza nusu saa kwa kueleza bei ya gunia, na siku ile hakuuliza hata hali ya hewa. Nikawaza mama amekufa na hataki kuniambia njiani. Nililia, nikanawa uso, nikalala na nguo zangu.

Asubuhi ya pili ndege ya Songwe ilituchukua muda mfupi, kama saa moja na nusu, mawingu yakiwa chini yetu muda wote. Songwe nilishuka nikapokewa na baridi ya mwezi wa saba. Nikatafuta gari la kwenda Tunduma, na Tunduma nikapata basi dogo la Sumbawanga. Kondakta, kijana mwenye kofia ya sufu, aliuliza kila mtu anakoshuka. Nilipomjibu, akafurahi.

"Dada, watu wa Sumbawanga mnapanda basi kwa nini, na usafiri wenu wa ungo upo?"

Abiria wakacheka. Utani huu nimeusikia tangu nikiwa sekondari Mbeya, nimeusikia sokoni Kariakoo, nimeusikia hadi Maskati kwa Watanzania wenzangu. Mtu akisikia Sumbawanga anawaza uchawi kabla ya mahindi tunayomlisha. Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nina jibu.

"Ungo hauna sehemu ya mizigo," nikamwambia. "Pakia begi langu."

Wakacheka zaidi, na kondakta akalibeba begi kwa adabu. Mimi peke yangu ndiye niliyeacha kucheka mapema. Nilikuwa nimekumbuka makofi ya kwenye ndege.

Laela tulisimama. Magunia ya mahindi yalikuwa yamepangwa kando ya barabara hadi mlangoni mwa maduka, wanunuzi wakichoma vyuma vyao ndani ya gunia kuchungulia punje. Upepo ulikuwa unaokota vumbi na maganda na kuyatupa kwenye vioo vya basi. Mama lishe mmoja alinivuta kwenye benchi lake, akanipakulia maharage yanayotoa moshi, na mimi napenda maharage ya Laela kuliko kitu chochote cha Uarabuni. Nikachukua kijiko. Hakikuinuka. Nikamlipa, nikamwomba radhi.

"Usijali, mwanangu," akasema akifunika sahani. "Umeshakula kwenu, unaonekana." Maneno ya kawaida ya mama lishe, naye akageukia mteja mwingine. Nilirudi kwenye basi nikakaa huku nimejikunyata.

Mchana mkubwa tuliingia Sumbawanga. Deo alikuwa ameahidi kunipokea stendi. Badala yake nilikuta ujumbe kwenye simu: chukua bodaboda, mimi niko na mama, yuko hai. Yale maneno mawili ya mwisho niliyasoma mara kadhaa. Yuko hai. Basi ni nini tena?

Nilipata bodaboda ya kijana mstaarabu, akafunga begi kwa mpira, tukaondoka. Tukipita karibu na uwanja wa ndege nikamwomba asimame kidogo. Nilitaka kuona pale mstari wa simu ya Deo unapoishia. Ukungu ulikuwa umeshuka mchana huo, kama unavyofanya kwetu kipupwe, na lami ilianza vizuri karibu yetu, nyeusi, safi, kisha ikaingia ndani ya weupe na kupotea. Mitambo ya mafundi ilikuwa imesimama bila mtu. Hakukuwa na sauti yoyote ila upepo kwenye waya. Niliogopa, na nilikuwa sijui naogopa nini, maana uwanja wenyewe ulikuwa mtupu.

"Twende," nikamwambia kijana.

Karibu na kijiji chetu kuna bonde ambalo mzee mmoja Msukuma, Mzee Masanja, hulisha ng'ombe wake. Familia yake ilihamia huku kutoka upande wa Shinyanga nikiwa mdogo, na ameniona nikikua. Tulimkuta barabarani akivusha ng'ombe, tukalazimika kungoja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo umepanda pikipiki." Alikuja karibu akanitazama kwa jicho la kulaumu kidogo. "Jana nilikuita, ukapita tu. Nikasema huyu binti Uarabuni kumemfundisha nini, kutosalimia wazee?"

"Jana, baba?"

"Jana, ng'ombe wanakwenda kunywa. Ulipita pale juu kwenye njia ya miguu, umeshika viatu mkononi. Nikasema viatu vinambana."

Ng'ombe wa mwisho akavuka. Kijana wa bodaboda akawasha pikipiki. Nilimwambia Mzee Masanja kwamba nitakuja kumsalimia vizuri, na sauti iliyotoka haikuwa na shida yoyote, sauti ya mtu anayezungumza mambo ya kawaida. Lakini kwenye pikipiki nilimng'ang'ania kijana hadi akaniuliza kama nasikia baridi.

Nyumbani nilimkuta wifi yangu Paskalia, mke wa Deo, uani. Hakunikimbilia. Alipiga magoti na kupiga makofi kama ilivyo desturi, lakini macho yake yalikuwa yanatazama nyuma yangu, kana kwamba anahesabu tupo wangapi. Deo akatoka ndani, akanikumbatia kwa nguvu, akanigusa mabega na mikono kama anayekagua mzigo. Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba.

"Mama asikusikie kwanza," akasema. "Sikiliza. Jana asubuhi mama alimwamuru Paskalia asonge ugali wa ulezi. Alisema uko njiani. Nilijua bado uko angani, nikasema ngoja tumridhishe. Kigoda kikawekwa kando ya kitanda. Hata zile saa sita za simu zilikuwa hazijatimia, mama akasema, karibu mwanangu. Akaanza kuongea."

"Na nani?"

"Na wewe." Akafuta uso kwa kiganja. "Mama ni mama, Skola. Ungefanyaje? Tukakisalimia kigoda. Paskalia akapiga magoti, akaweka sahani ya ugali na maharage, akanawisha hewa mikono, akatoka."

Hapa inabidi nieleze jambo kwa wasiotufahamu. Katika nyumba yetu mgeni haangaliwi akila. Mwenyeji huweka chakula, hupiga makofi, hutoka na kuvuta mlango. Kumkodolea mgeni macho wakati anatafuna ni ushamba mkubwa. Na jambo la pili: mgeni haulizwi jina wala kilichomleta kabla hajala. Akishanawa mikono, ndipo mwenye nyumba anauliza. Bibi yangu alitulea hivyo, naye mama akatulea hivyo.

"Mlango ulifungwa," Paskalia alisema. Alikuwa amekuja bila kusikika. "Nilikaa kizingitini nachambua mboga. Hakuingia mbwa, hakuingia kuku. Mama alikuwa anaongea na kucheka. Niliporudi sahani ilikuwa nyeupe, wifi. Na mama hawezi kuinuka kukifikia kigoda."

Nilitaka kumwambia kwamba anadanganya. Nilitaka kweli. Ila tumbo langu lilikuwa bado limeshiba.

Niliingia ndani kwa mama mchana huohuo. Chumba kilikuwa na harufu ya moshi na dawa ya kuchua. Alikuwa amekuwa mdogo sana, uso umeingia ndani ya kitambaa, macho meupe yakitazama dari. Nikapiga magoti, nikamshika mkono.

"Mama, ni mimi. Skola."

Akanisikiliza kwa makini. Kisha akatabasamu, tabasamu la heshima analompa mtu asiyemjua. "Skola amefika jana," akasema. "Amekula, amenyoosha miguu, tumeongea yote. Ameshaondoka. Karibu, mgeni. Umetoka mbali, mikono yako ina vumbi."

"Mama, yule hakuwa mimi. Mimi ndiye Skola. Sikiliza sauti yangu."

"Unafanana naye sauti," akakubali. "Pengine mnatoka ukoo mmoja."

Nikasisitiza. Nilimtajia jina la ng'ombe wetu wa zamani, nilimtajia kovu langu la gotini, nikachukua kidole chake nikakiweka juu ya kovu. Akaligusa, akakiondoa kidole taratibu. "Mnataka kuniambia mwanangu hakufika?" akauliza, akimtafuta Deo kwa sauti. "Deo, huyu mgeni anasema Skola hakufika?" Akalia kama mtoto anayenyang'anywa kitu. Deo akanishika bega akanitoa nje, akanisihi kwa machozi nisirudie.

Niliketi nyuma ya nyumba hadi baridi ikaingia mifupani. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule wa jana, ambaye alitembea na miguu yangu na kula chakula changu na kuitwa kwa jina langu. Nilikuwa nimevuka bahari kwa ajili ya neno moja, na neno lenyewe lilikuwa limeshatolewa.

Siku iliyofuata nikawa mgeni. Hatukupanga. Mama aliniita hivyo nami nikaitika. Paskalia aliniwekea ugali kando ya kitanda cha mama, akapiga makofi, akatoka. Deo alininong'oneza mlangoni: kula, Skola, ukila atakuuliza jina, naye akiuliza mwenyewe pengine atasikia jibu. Nilijaribu. Nilimega tonge, nikaliweka mdomoni, likakaa hapo kama udongo. Nikalitema kwenye kiganja. Mama aliyekuwa kimya akingoja kusikia maji ya kunawa hakusikia maji, basi hakuuliza kitu. Kwa adabu tu akaendelea kunizungumzisha mambo ya mvua na ulezi, kama anavyofanya mwenye nyumba ambaye mgeni wake bado hajala.

Mchana wa siku hiyo, nikimpaka mafuta miguuni, akaanza kunisimulia habari za binti yake.

"Yule mtoto hasemi vitu," akasema. "Akipiga simu ni nzuri, nzuri, kila kitu nzuri. Juzi ndiyo amesema. Kule anamtunza bibi ambaye alifiwa na binti. Yule bibi akili imechoka, anamwita kwa jina la marehemu. Naye anaitika. Anaitika naam, mama. Kila siku. Anaona ananisaliti."

Nilisimamisha mikono. Hakuna mtu chini ya jua niliyewahi kumwambia jambo hilo. Si Deo, si padre, si wenzangu wa Maskati. Yule bibi ananiita Salma, na mimi huitika, kwa sababu nisipoitika hulia hadi anaishiwa pumzi. Nilikuwa nimelibeba kama wizi. Nikatazama kigoda nilichokalia, maana ni pale pale alipokaa mwingine akayasema, kwa sauti yangu, na mama hakuwa na njia nyingine ya kuyajua.

"Ukamjibu nini?" nikauliza.

"Nilimwambia aitike tu. Mtu aliyepotelewa akikuita, unaitika. Kunapungua nini?" Akavuta shuka. "Alilia sana. Nikambariki, akaenda. Sasa moyo wangu umekaa, mgeni. Nilikuwa naogopa kufa kabla hajafika. Sasa hata kesho."

Nikaendelea kumpaka mafuta. Machozi yalinitoka bila kelele, yakadondokea miguuni kwake, naye akadhani ni mafuta. Hasira yangu kwa yule wa jana haikuondoka, lakini ilipungua makali. Alikuwa amemwambia mama kitu ambacho mimi, kwa woga wangu, nisingekisema hata ningekaa naye mwaka mzima.

Siku ya tatu niliamka na njaa. Njaa kali, ya kutetemesha. Paskalia aliweka ugali wa ulezi na dagaa wa Kirando waliokaangwa kwa nyanya, akatoka, akavuta mlango, nami nikala kama mtu aliyetoka kulima. Nilikomba sahani. Kisha nikamimina maji kwenye bakuli, nikanawa, na mama akasikia maji.

Akasubiri kidogo, kama adabu inavyotaka. Deo na Paskalia walikuwa nje ya mlango. Niliona vivuli vya miguu yao chini ya mbao.

"Sasa, mgeni," mama akasema, "unaitwa nani?"

Hili ndilo swali nililosafiria. Ningeweza kusema Skola, na sidhani kwamba angenikatalia tena kwa urahisi, maana safari hii aliuliza yeye. Pengine angenishika uso. Pengine pia angegundua kwamba binti aliyemngoja hakuwa amefika siku ile, na kwamba aliongea na kigoda, na moyo uliokaa ungeinuka tena kuhangaika. Nilitazama uso wake. Ulikuwa na amani ambayo sikuwahi kuiona hata nilipokuwa mtoto.

"Naitwa Salma," nikasema.

Nje mtu alivuta pumzi. Mama aliitikia kwa kichwa polepole, akakunja viganja, akanipigia makofi ya kukaribisha, mazima, kama anavyopigiwa mgeni wa maana. Akanyoosha mkono nikaushika, naye akaushikilia.

"Jina zuri. Na mama yako yupo, Salma?"

"Yupo."

"Basi usikae kwangu sana. Anakuhesabia siku."

Tulikaa hivyo, mkono ndani ya mkono, hadi akasinzia.

Siku ya kuondoka alinibariki kama mgeni anayekwenda njia ndefu. Sikujua kama nitamwona tena, na sikumwona. Deo alinisindikiza hadi stendi. Njiani tulimpita Mzee Masanja, nikashuka nikamsalimia kwa magoti yote mawili ili asinung'unike tena. Deo alikuwa ameshamwomba asisimulie ile habari ya viatu mjini, kwa sababu sisi wenyewe hatuufanyii utani uchawi kama wanavyoufanyia wengine, na maneno kama yale huweza kumharibia mtu maisha. Mzee alikubali. Aliniuliza tu kama viatu vimelegea.

Nikirudi, Laela nilikula maharage sahani mbili. Tunduma, Songwe, Dar, yote yalipita kwa mpangilio wake, na kwenye ndege ya Maskati sikufumba jicho hata dakika moja. Nilivaa viatu vyangu muda wote na miguu ikavimba inavyotaka.

Watu wakiniuliza siku hizi ni mbali kiasi gani hadi kwetu, nawaambia siku mbili kwa anayekwenda na pasipoti. Ule ukurasa wa Deo niliufungua mwenyewe baadaye. Mstari bado uko pale, saa sita kasoro, ingawa aliyefika siku moja kabla yangu hakuhitaji hata hizo. Nilichojifunza ni kwamba mama alimngoja mtu wa kumwambia ukweli, na mimi nilichelewa kuwa mtu huyo kwa miaka, si kwa siku moja. Nani alifika kabla yangu sijui. Nimeacha kuuliza, na sijaacha kuogopa.

Siku ile ya kurudi Maskati, nikiwa nimesimama nangoja begi langu kwenye mkanda, simu ya Deo iliingia. Kulikuwa na kelele za abiria, ikabidi nizibe sikio moja.

"Skola, mama hataki kulala," akasema. "Anauliza yule mgeni, Salma, kama ameshafika kwa mama yake."

Begi langu lilipita mbele yangu, likaenda zake.

"Mwambie amefika, kaka," nikasema. "Mwambie mama yake amempokea vizuri."